Rangi ya vidole ikikorofisha, tazama sufuria kabla ya mtoto

Mara ya kwanza nilipowapikia watoto rangi ya vidole, ile ya kuchorea kwa kidole bila brashi, nilitoka jikoni na sufuria ya mabonge. Nilikuwa nimechemsha maji, nikamwaga unga juu yake kama anayesonga ugali, nikakoroga mpaka bega likauma. Watoto wanne walikuwa wamekaa barazani wakingoja. Mmoja akachovya kidole, akaliopoa bonge moja, akalitazama pande zote, akanambia: "Mwalimu, hii ni kaimati."

Tangu siku ile nimepika rangi hii mara nyingi, hapa hapa Kisauni, Mombasa, na nimegundua jambo moja. Wazazi wanaponijia na malalamiko huanza na mtoto: hataki, anakula, anachafua. Tukichunguza, mara nyingi kasoro iko kwenye sufuria, au maji, au hewa ya Pwani, au kwetu sisi watu wazima. Nimeziandika hapa kama zinavyonijia.

Pishi langu ni hili, maana huwezi kutafuta kosa bila kujua kipimo. Nusu kikombe cha konflawa, ule unga mweupe laini wa wanga wa mahindi unaotumika kukazia supu, si unga wa ugali. Maji vikombe viwili. Chumvi nusu kijiko cha chai. Korogea unga kwenye maji ya baridi mpaka uwe kama maziwa, ndipo ubandike kwenye moto mdogo, na mwiko usitoke sufuriani. Utaona weupe unapotea, mchanganyiko unang'aa kama gundi na kupiga mapovu mazito. Epua, acha upoe, gawa kwenye vikombe, tia rangi. Nyekundu na buluu natumia rangi ya chakula ya vichupa. Njano natumia manjano ya jikoni, na hayo nayanunua mazima sokoni Marikiti nikayasaga mwenyewe. Si ushamba. Manjano ya unga yamewahi kukutwa, Bangladesh hasa, yametiwa kemikali yenye madini ya risasi ili yang'are, na risasi mwilini mwa mtoto mdogo hudhuru ubongo.

Ina mabonge

Unga umekutana na maji ya moto kabla ya kulowa. Wanga wa mahindi huanza kuvimba joto linapopita digrii 60 hivi. Chembe za nje zikivimba hufunga njia, na zile za ndani hubaki kavu. Ndiyo ile kaimati yangu. Ukiwahi, pitisha kwenye chujio la chai huku ukisukuma kwa mgongo wa kijiko, kisha rudisha motoni dakika mbili. Usiseme "watoto hawajali" ukaacha. Bonge lililo bichi ndani ni unga mbichi, na unga mbichi huweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Mtoto wa miaka miwili atalamba tu, upende usipende.

Ikiwa haina mabonge lakini inavutika kama mlenda, umetumia wanga wa muhogo. Hauna ubaya. Kuna watoto wanaoupenda hivyo hivyo, wanauinua juu na kutazama uzi unavyokatika. Lakini hauachi alama nzuri za vidole.

Asubuhi ilikuwa nzito, saa sita imekuwa maji

Inamisha kikombe utazame. Maji yakiwa yamejitenga juu na uzito umebaki chini, hilo si kosa. Wanga ukipoa na kukaa hutoa maji yake. Koroga, uendelee.

Lakini ikiwa yote imelainika, juu hadi chini, mtu amelamba kidole akakirudisha kikombeni. Kila mama anaijua habari hii bila kujua kwamba anaijua. Uji wa mtoto uliopika mzito, ukimlisha ukaubakisha na kijiko kile kile kilichotoka kinywani, ukirudi baada ya nusu saa unakuta maji. Mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga. Tone dogo la mate linatosha kuharibu kikombe kizima, na hakuna kukoroga kutakakokirudisha. Kimwage.

Dawa ni kutoweka kikombe mbele ya mtoto hata kidogo. Chota vijiko viwili, weka moja kwa moja kwenye sinia au karatasi yake, kikombe kikae juu usikoweza kufikiwa. Akilamba, ameharibu yake mwenyewe.

Haikauki, inanata

Swali hili huja kwa msimu. Masika, mwezi wa nne na wa tano, simu yangu hulia: picha ina siku mbili ukutani bado inanata kama halua. Watu huongeza unga, na hali huzidi kuwa mbaya. Kosa ni chumvi. Mapishi mengi yanayozunguka yameandikwa na watu wa nchi kavu, wanatia chumvi hata robo kikombe ili rangi isiharibike. Chumvi huanza kunyonya maji ya hewani unyevu unapofika kama asilimia 75, na hapa Mombasa asubuhi ya masika hatufikii hapo tu, tunapita. Itazame chumvi ya mezani kwako: imeganda kichupani, na ulishaitia punje za mchele ili isigande. Ndivyo inavyofanya juu ya karatasi ya mtoto. Sukari nayo ni ndugu yake, na zaidi ya hayo inaita sisimizi.

Basi msimu wa masika chumvi naiacha kabisa, napika kidogo cha siku hiyo hiyo, na watoto wanapaka utandu mwembamba.

Kaskazi ikivuma, Januari na Februari, unapata kinyume chake. Picha inakauka kabla mtoto hajamaliza kuzungusha kiganja, halafu kesho inapasuka na kudondoka vipande. Hapo tia nusu kijiko cha chai cha gliserini, ile ile ya kupaka mwilini lakini isiyo na manukato, kwenye pishi zima. Karatasi ilowanishe kwanza kwa kitambaa.

Inanuka, au ina madoa ya kijivu

Tupa. Usiondoe ukungu wa juu ukatumia ya chini. Bila friji rangi hii ni ya siku moja. Kwenye friji, ikiwa imefunikwa, naipa siku nne. Punje mbili tatu za karafuu wakati wa kupika husaidia kuchelewesha ukungu, kisha uzitoe, maana ni za kumkaba mtoto.

Mtoto hataki kuigusa

Hapa ndipo mzazi huja ameshika mkono wa mtoto: "Mwalimu, huyu hapendi sanaa." Ana miaka miwili na nusu. Sanaa ataijulia wapi?

Gusa rangi kwanza wewe, kwa mgongo wa mkono. Ikiwa imetoka friji, baridi yake peke yake inatosha kumrudisha mtoto nyuma; tumbukiza kikombe kwenye besheni la maji ya moto mpaka iwe vuguvugu. Kisha tazama vidole vyake. Mchubuko, kipele cha mbu alichokikuna, ukucha uliokatwa ukaingia nyamani: chumvi itawasha, naye hana maneno ya kukueleza. Kisha tazama nguo. Mtoto aliyevalishwa gauni la Idi na kuambiwa njiani mara tatu "usijichafue" si mwoga, ni mtiifu. Mvue, mpe fulana kuukuu ya baba yake.

Yote hayo yakiwa sawa na bado anakataa, basi ni mtoto ambaye kitu laini kinachonata kinamsumbua kweli, kama wale wasiostahimili mchanga wa ufuoni kwenye nyayo. Usimshike mkono ukauchovya. Nimeona mtu mzima akifanya hivyo kwa nia njema, na mtoto akakataa hata kuingia barazani wiki nzima.

Nilikuwa na mvulana mmoja, hajatimiza miaka mitatu. Tone likimwangukia kidoleni alikuwa akiunyosha mkono mbali na mwili kama aliyeshikishwa jongoo. Wiki mbili za kwanza hakugusa rangi. Nilimwaga rangi mbili kwenye sinia, nikazifunika kwa nailoni ya kufunikia vitabu vya shule, nikabana kingo kwa selotepu. (Wengine hutumia mfuko wa plastiki. Mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini Kenya tangu Agosti 2017, nami sijaililia. Nailoni ya vitabu ni ngumu zaidi.) Akasukuma rangi kwa juu, akaona njano inamezwa na buluu na kijani kinatokea, mikono yake mikavu. Akarudia mpaka sinia zima likawa kijani.

Baadaye nikampa bamia iliyokatwa upande wa kikonyo. Bamia ikikatwa hivyo na kuchovywa rangi hupiga chapa ya ua lenye petali tano, na mtoto anashika upande mkavu. Pembeni yake, kila siku, nilimwekea kitambaa kibichi, chake peke yake, na sikumwambia akitumie lini. Siku moja bamia ikamteleza ikazama kwenye rangi. Akatulia. Akaingiza vidole viwili akaitoa. Akavitazama vile vidole, akakitazama kitambaa, akavitazama tena. Kisha akapiga chapa yake ya ua, na vidole akaviacha vivyo hivyo mpaka vikakauka. Kile kitambaa ndicho kilichofanya kazi kuliko mimi.

Ikiwa mtoto anakimbia rangi, na pia vyakula vingi laini, na lebo ya nguo shingoni, na kuoshwa nywele, mweleze mhudumu kliniki. Rangi peke yake si sababu ya kwenda popote.

Anaila

Chini ya miaka miwili, ataila. Kwa hiyo panga kama chakula: kila kilichomo kiwe cha jikoni. Chumvi iwe ile kidogo niliyotaja au isiwepo, kwa sababu figo za mtoto mchanga haziwezi chumvi nyingi. Wanaotia asali ili inate, wasiwape watoto wasiotimiza mwaka; asali huweza kubeba chembe za vijidudu vya botulizimu, ugonjwa unaopoozesha misuli. Na ukimpikia mtoto wa mwenzio, uliza kwanza kama kuna kinachomdhuru, hasa ukitumia unga wa ngano badala ya konflawa.

Anayekula kijiko kizima akarudi kutaka kingine ana njaa. Mpe chakula.

Kila picha inakuwa rangi ya matope

Umempa nyekundu, njano na buluu kwa pamoja. Tatu hizo zikikutana huzaa kahawia, hata mkono uwe wa fundi. Mpe mbili tu kwa siku: njano na nyekundu apate chungwa, njano na buluu apate kijani, nyekundu na buluu apate zambarau. Hakuna njia ya kuziharibu. Ya tatu itoke siku nyingine. Waliofika miaka minne, wape zote tatu na uwaache wagundue matope wenyewe. Wengine huyafurahia matope kuliko chochote, wanachora ng'ambo ya Likoni maji yakiwa yamekupwa.

Karatasi inatoboka

Karatasi ya daftari hainyonyi tu, inayeyuka. Tafuta kalenda za mwaka jana, zile kubwa zinazong'aa; wenye maduka huzitupa Januari. Rangi huteleza juu yake, nayo haichaniki.

Hata hivyo mimi siku hizi karatasi naiweka mwisho. Mtoto anapaka moja kwa moja kwenye sinia la pilau. Lina ukingo, rangi haimwagiki, vidole vinateleza, na akichoka anafuta yote kwa kiganja na kuanza upya. Picha inayompendeza, unalaza karatasi juu yake, unapapasa kwa mkono mkavu, unaibandua polepole kutoka pembe moja. Unapata chapa ya kila mstari wa kidole. Bandua haraka na itachanika.

Doa la manjano limegeuka jekundu

Mzazi mmoja alinipigia magharibi akitetemeka: amefua fulana ya mtoto, na palipokuwa na njano pamekuwa pekundu kama damu. Je, mtoto amejikata?

Hakujikata. Rangi ya manjano hubadilika ikikutana na kitu chenye magadi, na sabuni ya mche ina magadi. Njano inakuwa nyekundu ya matofali. Kamulia ndimu papo hapo uione inarudi njano mbele ya macho yako. Kwa watoto wakubwa hilo pekee ni somo la asubuhi nzima, kijiko cha rangi ya manjano kwenye kisahani, kidole chenye sabuni upande huu, ndimu upande ule.

Doa lenyewe sasa. Suuza kwa maji ya baridi mengi kabla ya sabuni yoyote. Kama maji yako ni ya kisima cha chumvi, sabuni haitatoa povu la maana, kwa hiyo weka pembeni lita mbili tatu za maji matamu kwa kazi hii. Fua, kisha anika nguo ikiwa mbichi juani, upande wenye doa juu. Manjano hayastahimili jua. Ukiianika asubuhi, jioni doa limefifia. Siku mbili tatu, halionekani. Wengine huanika kivulini "nguo isipauke", na doa linabaki miezi.

Rangi nyekundu ya chakula ni shida kubwa zaidi kuliko manjano. Ikifika kwenye kanzu nyeupe, nakupa pole.

Ngozi inawasha au ina upele

Osha kwa maji mengi, acha siku kadhaa, kisha jaribu tena rangi moja moja kwenye mkono wa mtoto, sehemu ndogo kama sarafu. Mara nyingi ni chumvi kwenye ngozi iliyochubuka, au rangi moja fulani ya chupa. Akivimba midomo au kupumua kwa shida, hapo ni hospitali mbio.

Naulizwa sana kuhusu hina, kwa kuwa iko nyumbani tayari na ni ya asili. Kwa watoto wadogo mimi sitii. Kuna watoto wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, jambo lililo la kawaida sehemu zilizoishi na malaria kama Pwani yetu, na hina inaweza kuwavunjia chembe nyekundu za damu. Wengi hawajapimwa. Piko ndiyo usiithubutu kabisa: ile nyeusi mara nyingi ni rangi ya nywele, ina PPD, kemikali ya kutia weusi inayoweza kuunguza ngozi, na nimeona mkono wa binti mkubwa wa arusi umetoka malengelenge. Rangi ya ukuta na buluu ya kufulia pia si za mchezo huu.

Amepaka ukutani

Amemaliza nafasi. Mpe sinia kubwa zaidi, au mlazie karatasi sakafuni badala ya mezani, maana mkono wa mtoto huchora kutoka begani. Rangi hii ya wanga ikiwa bado mbichi hutoka kwa kitambaa, isipokuwa kwenye ukuta wa chokaa, ambako manjano yatageuka mekundu kwa sababu ile ile ya sabuni.

Kabla hujamgombeza, jua kwamba kazi hii yote iliingia shuleni kwa kosa hilo hilo. Mwalimu Mmarekani, Ruth Faison Shaw, alikuwa na shule mjini Roma. Alimtuma mtoto aliyejikata kidole akajipake iodini. Mtoto akakawia. Alipomfuata alimkuta anaupaka ukuta wa bafu kwa iodini, ametulia tuli. Shaw akaenda kutafuta rangi isiyodhuru, na kufikia miaka ya 1930 alikuwa akiifundisha Marekani.

Nyanya anasema riziki haichezewi

Usibishane naye. Ana haki, na wewe unaishi kwake. Mimi nilimwamkia nyanya mmoja wa Majengo, "Shikamoo nyanya," akaitikia marahaba huku jicho liko kwenye sufuria yangu. "Hicho chakula mwawapa watoto wakikanyage?" Nikamwambia, nyanya, huu ni wanga, ule ule mliokuwa mkitia kanzu za babu zikasimama. Akaja karibu, akachovya kidole, akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada. "Huu mwepesi," akasema. "Kanzu haisimami kwa huu." Akakaa kitako kunionyesha unavyopikwa. Wajukuu wakapaka mpaka adhuhuri.

Ila kwa anayeona uzito kweli, pika kidogo, pima kwa kijiko, na kisichotumika kisimwagwe mbele yake.

Picha ilitundikwa jioni, asubuhi imetafunwa

Mende. Wanga kwao ni karamu. Piga picha kwa simu siku ile ile, kisha itundike hiyo karatasi kwenye kamba katikati ya chumba, mbali na ukuta, kwa vibanio vya nguo. Zilizobaki chini ya kabati usizitafute.